Kilo 180 za plastiki: niliyojifunza nikiongoza TEHAMA kwenye kiwanda cha samaki Mwanza

Naandika haya kwa wenzangu mnaoongoza vitengo vya TEHAMA mahali ambapo kompyuta si biashara yenyewe: viwandani, hospitalini, kwenye SACCOS, kwenye kampuni za mabasi. Mimi nipo kwenye kiwanda cha kuchakata sangara hapa Mwanza tangu 2018. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu makosa ninayoyaeleza ni yangu na sitaki yamguse mtu mwingine.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Sangara wanakuja kwa boti kutoka Kome, Maisome, Ukara, Ukerewe na kambi nyingine za ziwani. Mawakala wananunua kwa wavuvi, wanapanga samaki kwenye barafu, wanaleta gatini kwetu. Hapo mtu wa ubora anapima joto, ananusa, anafunua mashavu. Samaki wanaingia kwenye kreti, wanapanda mizani, wanaandikwa, kisha wanakwenda ukumbi wa minofu. Mnofu ndio mali inayosafirishwa nje. Bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki, lina soko lake; ngozi na mapanki, yaani mifupa inayobaki mnofu ukishatolewa, vina watu wake. Zinahitajika zaidi ya kilo mbili za samaki kupata kilo moja ya mnofu, na kila saa inayopita barafu inayeyuka na bei inashuka.

Mlolongo huo mfupi nimeuandika kwa sentensi chache, lakini mimi mwenyewe nilikaa kiwandani karibu miaka miwili bila kuujua. Ofisi yangu ilikuwa ghorofani, ina kiyoyozi, na dirisha lake linatazama barabara.

Mwaka 2019 nikapewa ukuu wa kitengo. Nilikuwa na miaka 31 na hamu kubwa ya kuonyesha kwamba waliponichagua hawakukosea. Nikashawishi tununue mfumo mmoja mkubwa wa kuendesha kiwanda kizima: hesabu, stoo, manunuzi, mishahara, uzalishaji, yote humo. Nilikwenda Dar es Salaam mara mbili kuonyeshwa. Data za mfano zilizokuwa zikipita kwenye skrini zilikuwa za duka la vifaa vya ujenzi, mifuko ya saruji na mabati. Sikuuliza mfumo huo unafanya nini na bidhaa inayopungua uzito ikiwa imekaa. Oktoba tukasaini: dola 84,000 za leseni na kufunga, moduli tisa, yaani sehemu tisa za mfumo, kwa mkupuo, na kila mwaka asilimia 18 ya fedha hiyo kwa ajili ya huduma. Wakati huo dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300, kwa hiyo ni kama milioni 193, na zaidi ya milioni 34 kila mwaka baada ya hapo.

Nawaomba mlio karibu kusaini mkataba wa namna hii muangalie mambo ambayo mimi sikuyaangalia. Je, ukigundua moduli fulani huitumii, unaweza kuipunguza? Sisi hatukuruhusiwa mpaka mwaka wa tatu upite. Je, mkiachana, data zako unaondoka nazo kwa muundo gani? Je, malipo yanafuata hatua za kazi iliyokamilika, au yanafuata tarehe? Sisi tulilipa kwa tarehe, na tarehe hazikungoja kazi iishe. Na bei ikiwa kwa dola, jua kwamba shilingi ikishuka bili yako inapanda hata kama hujaongeza kitu chochote. Dola ilipovuka 2,500, bili ileile ya mwaka ikaongezeka zaidi ya milioni tatu, nami nikalazimika kuieleza kwa bodi ambayo haikuona kompyuta mpya hata moja.

Machi 2020 ndege za abiria zikasimama karibu dunia nzima kwa sababu ya korona, na minofu yetu mibichi mingi ilikuwa inasafiri kwenye matumbo ya ndege hizo. Aprili na Mei ziwa nalo likajaa kuliko wengi tulivyowahi kuliona. Maji yalipanda juu ya gati, nyaya za mtandao nilizozipitisha chini ya sakafu ya mapokezi zikazama. Mapato yalikuwa yameanguka, watu wa ukumbi wanafanya kazi kwa zamu za siku tatu kwa wiki. Ndipo mkurugenzi akatuita wakuu wa vitengo, mmoja mmoja.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeandaa taarifa ya kurasa kumi na mbili. Akaiweka pembeni.

“Kijana, nieleze kwa maneno yako. Kitengo chako kinaiingizia nini kampuni hii?”

“Bosi, mfumo umekuwa hewani asilimia 99 ya muda wote.”

“Haya. Na hiyo asilimia 99 tunamuuzia nani?”

Sikuwa na jibu. Nilitafuta jibu pale nilipokaa, nikaona nina orodha ndefu ya vitu tulivyovifunga, lakini hakuna hata kimoja nilichoweza kukiunganisha na samaki aliyeingia getini au shilingi iliyoingia benki. Bajeti yangu ikakatwa na vijana wawili kati ya wanne wakaondolewa. Niliwaambia mwenyewe, sikutaka wasikie kwa afisa utumishi. Mmoja alikuwa amelipa kodi ya miezi sita Buzuruga wiki iliyotangulia. Aliniuliza swali moja tu: “Kaka, tulikosea wapi?” Nikamwambia hawakukosea. Hilo lilikuwa kweli kwao. Kwangu halikuwa kweli.

Laiti hapo ndipo ningejifunza. Badala yake nikaingiwa na haraka. Nilitaka kitu cha kuonyesha kabla mwaka haujaisha, nikachagua mizani. Wazo lilikuwa zuri: mizani ya gatini na ile ya mlango wa ukumbi wa minofu ziunganishwe moja kwa moja na mfumo, uzito usiandikwe tena kwa mkono, na tofauti kati ya mizani mbili ionekane papo hapo. Tulikuwa na hisia kwamba samaki wanapotea njiani. Nilifunga kazi yote kwa wiki tatu za Agosti.

Mizani inapima kreti na samaki pamoja, kwa hiyo mfumo lazima utoe uzito wa kreti tupu. Nikamtuma kijana alete kreti ofisini. Akaleta nyeupe, mpya, kavu. Tukaipima: kilo 2.0. Nikaandika mbili kwenye mfumo, nikafunga ukurasa. Kazi hiyo ilichukua kama dakika moja.

Gatini usiku alikuwepo mama mmoja wa mizani ambaye wote tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa kiwandani miaka 21. Aliandika uzito kwa kalamu kwenye daftari la jalada gumu, tangu enzi ambazo mimi nilikuwa shule ya msingi. Siku nilipomwonyesha skrini aliitazama kwa muda, akauliza, “Na daftari langu?” Nikamwambia daftari halihitajiki tena.

Mwishoni mwa Oktoba nikatoa taarifa ya kwanza kamili. Mchana, tofauti kati ya mizani mbili ilikuwa kama nusu asilimia, ambayo ni maji yanayochuruzika. Usiku ilikuwa asilimia tatu na ushei. Nilipanga jedwali kwa majina ya watumiaji, kubwa juu, dogo chini. Jina la Mayu likakaa juu kabisa. Nikaituma saa tano asubuhi kwa mkurugenzi, mhasibu mkuu na utumishi, na sentensi moja: tofauti kubwa ipo zamu ya usiku. Kabla ya jioni Mayu alikuwa amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

Sikushuka gatini kuuliza chochote. Nilipongezwa siku ile. Usiku nililala usingizi mzuri, na usingizi huo ndio unaoniuma mpaka leo kuliko hata taarifa yenyewe.

Siku ya tisa mlinzi wa geti akanipigia kwamba Mayu yupo nje, haruhusiwi kuingia, na anasema hataki kuonana na mtu mwingine ila mimi. Nilishuka nikiwa na woga. Alikuwa amesimama kivulini, amejifunga khanga mbili, daftari kwapani.

“Shikamoo, Mayu.”

“Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimekuja na swali moja. Kompyuta yako inajua kreti za aina ngapi?”

Sikumwelewa. Akarudia: za aina ngapi? Nikasaini kitabu cha wageni kwa jina langu, nikaingia naye mpaka stoo ya kreti. Akavuta nyeupe, akaiweka kwenye mizani: 2.0. Akavuta ya bluu, ya zamani, nene, yenye mbavu ndani ambamo utelezi na chembe za barafu vinaganda: 2.9. Akavuta nyingine ya bluu: 2.9. Hakusema neno. Aliniacha nisome mwenyewe.

Kreti nyeupe jioni zinakwenda kuoshwa na kupangwa ukumbini kwa ajili ya asubuhi. Zinazobaki gatini usiku ni za bluu, na mlangoni mwa ukumbi samaki wanahamishiwa kwenye nyeupe kabla ya kupimwa tena. Kila mtu wa zamu ile alijua hivyo. Kwenye daftari lake, miaka yote, Mayu alikuwa na utaratibu wake: nyeupe toa mbili, bluu toa tatu kasoro kidogo. Mfumo wangu ulikuwa unatoa mbili kwa zote. Kreti moja inabeba kama kilo 30 za samaki, kwa hiyo gramu 900 zinazozidi ni asilimia tatu kamili. Usiku mmoja tulikuwa tunapokea karibu tani sita, yaani kreti 200. Kilo 180 za plastiki, kila usiku, tulikuwa tunazilipa kwa mawakala kwa bei ya sangara.

Na wakati wa daftari hasara hiyo haikuwepo. Wizi haukuwepo, samaki hawakupotea. Hasara niliiingiza mimi, nikiwa na kreti moja kavu mezani, halafu nikamtafutia mwenye kosa kwa kupanga majina.

Nilimwambia Mayu anisubiri, nikapanda kwa mkurugenzi na kreti ya bluu mkononi, ikidondosha maji kwenye zulia. Nilimweleza yote bila kupunguza. Kuanzia Agosti tulikuwa tumelipa tani nyingi ambazo hazikuwa samaki. Nilitegemea kufukuzwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akampigia afisa utumishi kwamba mama arudishwe usiku huohuo na alipwe siku zake tisa. Mhasibu mkuu akauliza kama tuwakate mawakala. Mkurugenzi akakataa: samaki walileta wao, kupima tulipima sisi.

Saa nne usiku nilisimama mbele ya zamu nzima kando ya mizani, nikamwomba Mayu msamaha kwa sauti ya kusikika. Nilifanya hivyo mbele za watu kwa sababu aibu aliyoipata ilikuwa mbele za watu. Alinishika mkono, akasema, “Yameisha, mwanangu. Sasa iandike hiyo mbili nukta tisa.” Na kabla sijaondoka akaongeza kwamba daftari lake ataendelea nalo. Nikamwambia aendelee.

Tangu siku ile nina sheria mbili zangu ambazo sijazivunja. Ya kwanza, taarifa ya kompyuta haitoki kwangu ikiwa na jina la mtu kabla sijaongea na mtu huyo mahali pake pa kazi. Tunaonyesha meza, saa, boti, aina ya kreti. Ya pili, kabla ya kubadili kazi yoyote kwa mfumo, nakaa kwenye kazi hiyo wiki mbili bila kompyuta. Gambuti, koti jeupe, neti ya nywele, miguu kwenye dimbwi la klorini kama wengine, na zamu ya usiku ikiwemo. Wiki mbili zinaonekana nyingi kwa mkuu wa kitengo. Zilinganisheni na miezi miwili na nusu ya kulipia plastiki.

Kukaa huko chini ndiko kulikonipa jibu la swali la mkurugenzi, na jibu lenyewe halikuwa mahali nilipolitegemea.

Wakala mmoja wa Kome, tukiwa tunasubiri boti yake ipakuliwe, alinieleza kwa nini wiki nyingine haji kwetu. Akishusha mzigo, fedha yake inatoka siku ya tatu. Siku hizo tatu analala gesti Kirumba, analipia chakula cha vijana wake wa boti, na kule kisiwani wavuvi wanampigia simu wanataka chao. Viwanda vyote vinagombea samaki walewale. Anayelipa mapema ndiye anayeletewa. Sisi ghorofani tulikuwa tukijadili bei ya kilo, kumbe mwenzetu shida yake ni siku.

Nikaamua kuifuata karatasi moja ya malipo kwa miguu, kuanzia mizani mpaka benki, na saa mkononi. Ilipita meza saba. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ilichukua saa 71. Muda ambao mtu alikuwa ameishika na kuifanyia kazi, nilipoujumlisha, haukufika dakika 40. Saa nyingine zote ilikuwa imelala kwenye trei ikisubiri mtu arudi kutoka kikaoni, au ikisubiri asubuhi.

Hatukununua mfumo. Tuliokuwa nao ulitosha. Nilikaa na mhasibu mkuu, dada ambaye nimejifunza kwake kuliko kozi yoyote niliyosoma, tukaondoa meza tatu ambazo saini zake zilirudia jambo lilelile. Tukaweka kiwango ambacho mhasibu wa zamu anaidhinisha mwenyewe. Tukanunua vishikwambi vinne ili mtu wa ubora akague na kupitisha akiwa gatini. Malipo yakaanza kutoka siku ileile, kwa benki au kwa simu, mradi mzigo umeshushwa kabla ya saa nane mchana. Baada ya miezi mitano mawakala wanaotuletea walitoka 14 wakafika 23. Sidai kwamba wote waliletwa na malipo ya haraka. Msimu nao ulikuwa mzuri na ndege zilikuwa zimeanza kurudi. Lakini wale niliowauliza, jambo la kwanza walilolitaja lilikuwa hilo.

Ningependa mkuu wa TEHAMA anayesoma hapa alitazame hilo vizuri. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuondoa saini, na saini ni mamlaka ya mtu. Peke yangu nisingeweza. Mradi ulikuwa wa uhasibu, ukiongozwa na mhasibu, mimi nikiwa fundi wake. Ile miradi niliyoibeba kwa jina la TEHAMA ilikufa yote. Mmojawapo ulikuwa mashine za kusaini mahudhurio kwa alama ya kidole, shilingi milioni sita na nusu. Mikono ya watu wa minofu imelowa, imesinyaa kwa maji ya barafu, ina mikato ya visu. Mashine haikuisoma. Foleni ya kuingia ilifika nje ya geti. Meneja uzalishaji angeniambia hivyo kwa sekunde kumi kama ningemuuliza. Tuliziondoa baada ya mwezi, na sasa kila mradi tunaouanza tunaandika kabisa tarehe ya kuuacha endapo hauzai.

Kazi iliyozaa zaidi ni ya mavuno ya mnofu, yaani asilimia ya uzito wa samaki inayotoka kama mnofu, na nitaieleza kwa ufupi kwa sababu ni ya meneja uzalishaji kuliko yangu. Ukipokea tani 20 kwa siku, asilimia moja ya mavuno ni kilo 200 za mnofu. Kila siku. Hakuna seva wala leseni ninayoweza kuiokoa ikafikia hapo. Tuliweka mizani ndogo mwishoni mwa kila meza, mfumo ukaanza kuonyesha mavuno kwa meza na kwa saa. Ikaonekana yanashuka saa ya tano na ya sita ya zamu, meza zote. Mimi nilidhani ni uchovu. Meneja alichukua kisu cha meza ya kwanza, akakipitisha kwenye kucha yake, akasema, “Butu.” Visu vilikuwa vinanolewa mara moja tu, mwanzo wa zamu. Vikaanza kunolewa mara mbili, na mavuno yakapanda kidogo zaidi ya asilimia moja. Mfumo ulionyesha saa. Kisu alikijua yeye.

Kuna thamani nyingine ambayo huionei kwenye mapato, ila mimi naijua tangu utotoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula. Mama yangu alikuwa akinunua mapanki kiwandani, anakaanga na kuuza. Viwanda viliposimama mapanki nayo yalikwisha, na nakumbuka tulivyokuwa tukila. Kwa hiyo ninaposoma Kanuni namba 178 ya mwaka 2002 ya Umoja wa Ulaya, ambayo sharti lake la kufuatilia chakula kutoka kilikotoka mpaka kinakokwenda lilianza kutumika Januari 1, 2005, siisomi kama karatasi ya mkaguzi. Mkaguzi akitaja namba ya boksi, lazima umwonyeshe samaki wale walishuka na boti gani, siku gani. Zamani ilituchukua siku nzima kupekua mafaili. Sasa ni dakika chache. Boti moja ikiwa na tatizo unazuia mzigo wa boti hiyo, sio wa siku nzima. Bodi ilipouliza faida ya kazi hiyo niliwawekea bei ya mzigo wa siku moja mezani, wakaelewa bila maelezo zaidi.

Kosa langu kubwa la mwisho ni la Mei 12, 2024, siku ya Jumapili. Miaka miwili kabla nilihamishia mfumo wetu kwenye seva za nje ya nchi ili kupunguza gharama za umeme na matengenezo, na gharama zilipungua kweli. Fundi wangu alipendekeza tubakize mashine moja ndogo kiwandani itakayoweza kufanya kazi intaneti ikikatika. Niliona ni fedha ya ziada. Jumapili hiyo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Gatini kulikuwa na boti nane. Mfumo hautoi namba za mzigo, printa ya lebo haichapi, na bila lebo samaki hawezi kuingia ukumbini. Jua lilikuwa kali, vijana wanamwaga barafu juu ya barafu.

Mayu, aliyekuwa siku hizo zamu ya mchana, akafungua daftari. Akaandika boti, wakala, joto, kreti nyeupe ngapi, bluu ngapi. Tukaandika lebo kwa kalamu ya wino mzito. Boti nane zote zilipokelewa, na ya mwisho ilishushwa jioni. Mashine ile ndogo tuliinunua mwezi huohuo. Sasa mapokezi yanaweza kuendelea siku tatu bila mtandao wa nje. Na daftari lipo kwenye utaratibu rasmi wa kiwanda, limeandikwa, lina namba yake ya waraka.

Wanaoanza huniuliza waiandikeje bajeti ipite. Mimi naandika ukurasa mmoja kwa kila jambo: kinachovuja ni nini, kinavuja kiasi gani leo na nani alikipima, nani wa idara husika atakayesimamia, na tutaacha lini tukishindwa. Vipimo ni kilo, siku na shilingi. Gharama ya kuendesha tu mifumo iliyopo naiandika kando na sijifichi nayo, maana nayo ni halali. Mwaka mkataba uliporuhusu, nilirudisha moduli tano kati ya tisa, na fedha iliyookolewa nikaomba ibaki kwenye kitengo. Nusu ikabaki. Nilimtafuta yule kijana wa Buzuruga nimrudishe. Alikuwa ameshapata kazi Dodoma, na alinijibu kwa heshima.

Desemba iliyopita Mayu alistaafu. Tulimfanyia sherehe ndogo kwenye kantini, pilau na soda, na mkurugenzi akaongea. Baadaye akaniita pembeni, akanikabidhi mfuko wa sandarusi. Ndani mlikuwa na madaftari yake yote tangu ile siku ya kreti, kila usiku na kila mchana alioufanyia kazi.

Nimekuwa nikiyalinganisha na mfumo jioni baada ya kazi, ukurasa kwa ukurasa. Mpaka sasa kuna siku tatu ambazo hazilingani. Moja nimeshaijua: mfumo ulirudia kreti 12 za boti moja kwa sababu kishikwambi kilituma mara mbili. Mbili bado nazitafuta.